Maswali na Majibu: Kompyuta imejisasisha, sasa inadai nenosiri

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja. Kompyuta ililala salama, usiku ikajisasisha, asubuhi ikaamka na kisanduku kinachodai nenosiri ambalo mwenyewe hakumbuki kuliweka. Wengi wenu mmejibu kwa kumimina kila nenosiri mnalolijua, moja baada ya jingine, na baadhi mmeishia kufungiwa akaunti. Tunawaomba sana: kabla ya kugusa kibodi, someni kisanduku hicho kinatoka kwa nani. Kompyuta moja ina nenosiri la diski, la akaunti, la mkoba wa manenosiri, la msimamizi, la barua pepe, na pengine la kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao. La huku halifungui kule. Na sasisho karibu kamwe halibadilishi nenosiri lenyewe. Linabadilisha mazingira yaliyokuwa yakikuwezesha kupita bila kuulizwa.

SWALI: Baada ya kusasisha, laputopu yangu ya Windows 11 inaleta skrini ya buluu inayotaka ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuweka ufunguo wa aina hiyo. Fundi ameniambia anaweza kuiruka. Nimpelekee?

JIBU: Usimpelekee bado. Unachokiona ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo. Ukianzisha Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, mfumo huweza kusimba diski bila kukuuliza na kuuhifadhi ufunguo ndani ya akaunti hiyo. Hata toleo la Home hufanya hivyo. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 masharti ya vifaa yalilegezwa, kwa hiyo kompyuta nyingi zaidi zimesimbwa na wenyewe hawana habari.

Ndani ya kompyuta kuna chipu iitwayo TPM. Ndiyo inayotunza siri ya kufungulia diski, na huitoa pale tu vipimo vya uwashaji vinapolingana na vile ilivyovikariri: hali ya Secure Boot (kinga inayokubali tu programu za uwashaji zenye saini inayojulikana), programu dhibiti ya ubao mama (BIOS), kipakiaji cha mfumo. BIOS ikisasishwa, au Secure Boot ikizimika, vipimo havilingani tena na chipu inakataa kutoa siri. Haimaanishi umedukuliwa. Mara chache kosa huwa la sasisho lenyewe: lile la Windows la Julai 2024 lilizipeleka baadhi ya kompyuta kwenye skrini hii hadi liliporekebishwa Agosti mwaka huohuo, na sasisho KB5058379 la Mei 2025 lilifanya vivyo hivyo kwa baadhi ya kompyuta za Windows 10 zenye prosesa za Intel vPro, Microsoft ikatoa KB5061768 kulisahihisha.

Sasa tafuta ufunguo. Kwenye skrini hiyo kuna kitambulisho cha ufunguo. Nakili herufi zake 8 za mwanzo. Kwa simu, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey na uingie kwa akaunti iliyotumika siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu wanaingia kwa akaunti wanayoitumia leo, ilhali kompyuta ilianzishwa na mwenzi, mtoto au aliyewauzia. Jaribu akaunti zote zinazowezekana. Kama kompyuta iliwahi kuunganishwa na kazi au shule, ufunguo huenda uko kwa watu wao wa kompyuta. Kagua pia flashi za zamani, kwa kuwa ufunguo huweza kuwa umehifadhiwa huko kama faili la maandishi, na karatasi zilizochapwa. Ukikuta funguo kadhaa, chukua ule ambao kitambulisho chake kinafanana na cha kwenye skrini, wala usibahatishe.

Ufunguo huo ni mafungu 8 ya tarakimu 6, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki. Kama uliuandika kwa mkono na unakataliwa, chukua kikokotoo ugawe fungu moja moja. Lenye baki ndilo lililokosewa, mara nyingi 1 iliyosomwa kama 7 au 6 kama 0.

Ukishaingia, kazi haijaisha, maana skrini inaweza kurudi kila unapowasha. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -disable C: kisha uwashe upya. Ulinzi utajirudisha wenyewe baada ya kuwasha mara moja, na chipu itakariri vipimo vipya. Thibitisha kwa manage-bde -status C: kwamba ulinzi umerudi. Halafu tumia manage-bde -protectors -get C: uone ufunguo, uuandike, na uuweke nje ya kompyuta hiyo. Amri ile ya kusitisha ulinzi ndiyo ya kutumia siku zote kabla ya kusasisha BIOS; inachukua nusu dakika na inaepusha balaa hili lote.

Kuna mambo mawili ya hatari. Kwanza, baadhi ya ubao mama wa prosesa za AMD, BIOS ikishasasishwa, huuliza kama uifute fTPM, yaani TPM iliyo ndani ya prosesa, ubonyeze Y au N. Bonyeza N mpaka uwe na ufunguo mkononi. Pili, ukigundua kwamba sasisho la BIOS lilizima Secure Boot, irudishe ilivyokuwa kabla ya kufanya jambo jingine. Vipimo vikilingana tena, kompyuta huweza kuwaka bila kuuliza chochote.

Kuhusu fundi: bila ufunguo, data haitoki. Microsoft wenyewe hawawezi kuitoa. Anachoweza fundi ni kufuta diski na kuweka Windows upya, na wengine hufanya hivyo kisha wakasema wamefungua.

SWALI: Skrini ya kuingia inasema PIN yangu haipatikani. Nikiandika nenosiri linakataliwa pia, na nina hakika ni lenyewe.

JIBU: PIN na nenosiri ni vitu viwili tofauti. PIN hukaa kwenye kompyuta hiyo pekee na imefungwa kwenye TPM, ndiyo maana sasisho likiigusa chipu PIN hufa. Nenosiri ni la akaunti. Kama skrini haikupi kisanduku cha nenosiri, bofya njia nyingine za kuingia na uchague alama ya ufunguo. Kulikuwa na kasoro kuanzia sasisho KB5064081 la Agosti 2025: alama ya nenosiri haikuonekana, lakini ukipitisha kishale pale ilipopaswa kuwa, kitufe kipo na kinafanya kazi.

Nenosiri likikataliwa, anza na kibodi. Angalia pembe ya chini kulia lugha iliyochaguliwa. Mpangilio ukihama kutoka wa Marekani kwenda wa Uingereza, alama ya @ na ile ya " hubadilishana nafasi, kwenye mpangilio wa Kijerumani Y na Z hubadilishana, kwenye wa Kifaransa ni A na Q. Bonyeza alama ya jicho uone unachokiandika kweli.

Kama herufi ni sahihi, tumia simu uingie account.microsoft.com kwa nenosiri lilelile. Likikubalika huko na kukataliwa kwenye kompyuta, inaelekea ulilibadilisha karibuni na kompyuta haijapata habari kwa sababu haina intaneti. Iunganishe na Wi-Fi hapohapo kwenye skrini ya kuingia, au jaribu nenosiri la zamani. Ukishaingia, ondoa PIN ya zamani kwenye mipangilio ya kuingia na uweke mpya.

Akaunti isiyo ya Microsoft, ile ya ndani ya kompyuta tu, huwa na maswali ya usalama yanayojitokeza baada ya kukosea nenosiri. Yajibu hayo kabla ya kumwomba msimamizi akubadilishie kwa nguvu, kwa kuwa msimamizi akilazimisha nenosiri jipya, faili zilizosimbwa kwa EFS (usimbaji wa faili moja moja wa Windows) na manenosiri yaliyohifadhiwa na Windows chini ya akaunti hiyo hubaki yamefungwa.

SWALI: Ofisini tuna kompyuta mbili zilizokuwa zinashirikiana folda bila kuulizana chochote. Moja imepata 24H2, sasa inadai jina na nenosiri. PIN inakataa, nenosiri inakataa.

JIBU: PIN itakataa daima, haitumiki kwenye mtandao. Chanzo ni hiki: 24H2 ya toleo la Pro imeanza kudai kila mawasiliano ya folda za mtandao yatiwe saini, na imeacha kukubali kuingia kama mgeni. Saini hutengenezwa kutokana na nenosiri, na mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hawezi kutia saini. Folda yenu ilikuwa wazi kwa mgeni, ndiyo maana hamkuwahi kuulizwa.

Msizime sharti la saini kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Tengenezeni mtumiaji. Kwenye kompyuta yenye folda, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike net user ofisi * /add, kisha upige nenosiri mara mbili. Halionekani unapoliandika, ni kawaida. Usiliache tupu, kwani Windows hukataa nenosiri tupu kupitia mtandao. Halafu mpe mtumiaji huyo ruhusa sehemu mbili: kwenye kushirikisha folda na kwenye usalama wa folda. Watu hutoa moja wakasahau ya pili, matokeo yake unaingia lakini folda inakataa kufunguka.

Kwenye kompyuta ya pili, futa kwanza kumbukumbu za zamani. Amri cmdkey /list huonyesha zilizohifadhiwa, cmdkey /delete: ikifuatwa na jina la kompyuta hufuta, na net use * /delete hukata miunganisho yote ya folda iliyo wazi, kwa hiyo funga kwanza faili unazozifanyia kazi huko. Usipokata, Windows huendelea kutumia jina la zamani, au hulalamika kwamba huwezi kuingia seva moja kwa majina mawili. Kisha andika jina kwa ukamilifu: jina la kompyuta yenye folda, mkwaju wa kinyume, jina la mtumiaji, mfano DAWATI1\ofisi. Ukiandika ofisi peke yake, kompyuta inaweza kudhani ni mtumiaji wake yenyewe, na hapo ndipo nenosiri sahihi linapokataliwa. Ukimtumia mtumiaji wa akaunti ya Microsoft badala ya huyu, jina ni anwani ya barua pepe na nenosiri ni lile la akaunti.

Wenye kifaa cha diski za mtandao (NAS) wafanye vilevile: watengeneze mtumiaji mwenye nenosiri humo ndani, na wahakikishe kinatumia SMB2 au SMB3, matoleo mapya zaidi ya lugha ambayo kompyuta hutumia kushirikiana folda.

SWALI: Mac yangu, tangu nisasishe, kila programu inadai nenosiri la "login" keychain. Nenosiri la kuingilia inalikataa.

JIBU: Jaribu nenosiri lako la zamani. Keychain ni mkoba unaotunza manenosiri yako, nao una nenosiri lake, ambalo kwa kawaida hufanana na la kuingilia. Ukibadilisha la kuingilia mwenyewe kwenye mipangilio huku ukilijua la awali, mkoba hufuata. Likibadilishwa kwa njia ya kusahau, yaani kupitia akaunti ya Apple au na msimamizi mwingine, mkoba hubaki na la zamani. Sasisho linapowasha upya kompyuta na programu zote, ndipo tofauti hiyo inapofumuka.

Tafuta programu ya Keychain Access kwa Spotlight, chagua login, nenda menyu ya Edit, badilisha nenosiri la mkoba huo: weka la zamani, kisha lile unaloingilia sasa. Kama la zamani limepotea kabisa, mipangilio ya programu hiyo ina kitufe cha kuanzisha mkoba mpya. Huo utakuwa mtupu. Manenosiri ya iCloud yatarudi yenyewe. Yaliyokuwa kwenye mkoba wa zamani tu hayatarudi.

Kuna kisanduku kingine kinachofanana, kile cha programu moja inayotaka siri moja. Hicho hutokea pale programu iliyosasishwa inapokuja na saini isiyolingana na ile iliyoruhusiwa awali. Kama unaitambua na wewe ndiye uliyeifungua, weka nenosiri na uchague ruhusa ya kudumu. Ruhusa ya mara moja itakurudishia kisanduku kesho.

Msomaji mwingine ameuliza kwa nini alama ya kidole haikubaliki baada ya kusasisha. Mac hudai nenosiri kila inapowashwa upya, ikipita saa 48 bila kufunguliwa, na kidole kikikosea mara 5. Haijaharibika.

SWALI: Programu ya barua pepe inadai nenosiri kila baada ya dakika chache tangu niisasishe. Naliweka, inauliza tena.

JIBU: Ikiwa barua inafunguka vizuri kwenye kivinjari, nenosiri lako ni zima, njia ya kuliwasilisha ndiyo iliyofungwa. Google ilianza kuzikatalia programu zinazotumia jina na nenosiri pekee kwa akaunti binafsi mwaka 2022, na Outlook.com ikafuata Septemba 2024. Kwenye mipangilio ya seva ya programu yako badilisha aina ya uthibitisho iwe OAuth2 (njia ya kuingia kupitia ukurasa wa mwenye huduma), kwa barua zinazoingia na zinazotoka pia, maana watu hubadilisha moja wakaacha nyingine. Kwenye programu ya Thunderbird hakikisha vidakuzi (cookies) vimeruhusiwa, la sivyo dirisha la kuingia halikamiliki. Programu isiyojua OAuth2 inaweza kutumia nenosiri maalumu la programu la Gmail lenye herufi 16, ambalo hupatikana baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

SWALI: Ubuntu iliposasisha kiendeshi cha kadi ya michoro iliniambia nitunge nenosiri. Nilipowasha upya ikaja skrini ya buluu, sikuielewa, nikaiacha ikapita. Sasa skrini ya pili haifanyi kazi.

JIBU: Secure Boot hukubali tu viendeshi vilivyotiwa saini inayojulikana. Kiendeshi chako kimejengwa kwenye kompyuta yako na kutiwa saini na ufunguo wako mwenyewe, na skrini ile ilikuwa inakuomba uthibitishe kwamba ufunguo huo ni wako. Husubiri sekunde 10 tu.

Rudia ombi: sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der. Tunga nenosiri la muda, kati ya herufi 8 na 16. Kibodi kwenye skrini ile ni ya mpangilio wa Marekani, kwa hiyo tumia herufi na tarakimu zisizohama. Washa upya, bonyeza kitufe chochote kabla muda haujaisha, chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo wako), endelea, kubali, andika nenosiri lile, washa upya. Halitahitajika tena, si nenosiri lako la kuingilia wala la sudo.

Walioulizwa nenosiri la diski iliyosimbwa na kukataliwa baada ya sasisho la kiini cha mfumo, waliandike kana kwamba kibodi ni ya Marekani. Likikubali, kosa ni la mpangilio: hakikisha faili /etc/default/keyboard lina mpangilio sahihi, kisha endesha sudo update-initramfs -u.

SWALI: Wafanyakazi wetu hawana haki za msimamizi. Tangu sasisho la Agosti 2025, programu ya kuchorea ramani inadai nenosiri la msimamizi kila mtu anapoifungua mara ya kwanza. Tuwape haki hizo?

JIBU: Hapana. Sasisho KB5063878 liliziba mwanya wa usalama katika kisakinishi cha Windows, na matokeo yake kila ukarabati wa programu uliokuwa ukifanyika kimya ukaanza kudai msimamizi. Programu kadhaa, zikiwemo za Autodesk kama AutoCAD, hujikarabati au kujipanga hivyo kwa kila mtumiaji mpya. Masasisho ya kuanzia Septemba 2025 yalipunguza hali hiyo, na yaliwapa wasimamizi njia ya kuorodhesha programu zisizoulizwa. Sasisheni, kisha orodhesheni ile moja tu inayowasumbua.

SWALI: Nitajuaje kwamba kisanduku kinachodai nenosiri ni cha kweli?

JIBU: Swali hili ni zito kuliko yote ya leo, kwa sababu walaghai hupenda kujificha nyuma ya neno sasisho. Anza na mahali kilipo. Kikiwa ndani ya ukurasa wa kivinjari, hata kama kimejaza skrini nzima na kina nembo unayoijua, si cha mfumo. Bonyeza Esc au F11. Ukurasa ukipungua, umeshajua. Kikikupa namba ya simu upige, ni cha wizi bila mjadala.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja. Mseto huo hupokelewa na mfumo wenyewe, na programu ya kawaida haiwezi kuuiga. Kisanduku cha msimamizi kwa mipangilio ya kawaida hufifisha skrini nzima na kutaja mchapishaji wa programu. Soma jina hilo, na kama linasema mchapishaji hajulikani, kataa. Kwenye Mac, kuna virusi vya kuiba data vinavyofungua kisanduku kinachofanana kabisa na cha mfumo. Ule ujanja wa kuandika nenosiri la uongo uone kama litakubaliwa hauaminiki, maana baadhi yao hulijaribu nenosiri papo hapo kwenye mfumo na kukuuliza tena ukikosea. Jiulize tu: ni kitendo gani nilichokifanya sasa hivi kilichohitaji ruhusa? Kama hakuna, futa kisanduku, fungua mwenyewe mipangilio ya masasisho, utazame kama kweli kuna sasisho linalosubiri.

Uliyekwisha kuandika nenosiri kwenye kisanduku usichokiamini, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo. Kwa kifaa kingine, badilisha kwanza nenosiri la barua pepe, kwa kuwa ndilo linaloweza kufungulia akaunti zako nyingine, kisha la benki, na uzitoe nje akaunti zote zilizo wazi kwenye vifaa vingine. Kubadilisha nenosiri peke yake si mara zote huwatoa waliokwisha ingia. Kompyuta yenyewe isirudi mtandaoni kabla haijachunguzwa kwa programu ya kuondoa virusi, na kama ni Mac iliyoingiwa na mwizi wa aina hiyo, ni salama zaidi kuifuta na kuweka mfumo upya.